Umefika Leipzig kusoma? Anza na jina kwenye sanduku la barua

Nyie mnaokuja Ujerumani kusoma Oktoba hii, hasa wa Leipzig maana ndo mji ninaoujua, kuna kitu mi hakuna aliyeniambia. Siku unapewa funguo za chumba, kabla hujafungua begi, kabla hata hujapiga nyumbani kusema nimefika salama, chukua kikaratasi uandike jina lako la ukoo kama lilivyo kwenye pasi, ukabandike kwenye sanduku la barua pale chini na kwenye kengele ya mlango. Anwani za nyumba nyingi huku hazina namba ya chumba, mtu wa posta anatafuta jina tu, asipoliona barua inarudi ilikotoka. Na asikudanganye mtu kwamba Ulaya kila kitu kipo kwenye simu, huku ni barua bana, kadi ya benki barua, namba ya siri barua nyingine siku nyingine, namba ya mlipakodi barua, bima barua. Mi nilikaa wiki tatu nashindia mkate, hela naiona kwenye simu kabisa ipo lakini siwezi kuigusa, kadi imesharudi mara mbili kisa kwenye sanduku bado kuna jina la Mjerumani aliyehama.

Ukishabandika, kinachofuata ni kujiandikisha mjini, wenyewe wanaita Anmeldung, na sheria inataka ufanye ndani ya wiki 2 tangu uhamie. Unaenda Bürgerbüro, ofisi ya jiji ya kuhudumia wakazi, na pasi, fomu, pamoja na karatasi anayosaini mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unakaa kwake, ina jina refu kama treni la mizigo, Wohnungsgeberbestätigung. Hiyo omba hapohapo mnapokabidhiana funguo, usikubali "nitakutumia kesho". Bila hiyo huandikishwi, usipoandikishwa namba ya mlipakodi haiji, na kibali cha kukaa nacho kinakwama, yaani kila kitu kinaning'inia kwenye hiyo karatasi moja. Miadi inachukuliwa mtandaoni, ukikuta nafasi za karibu zimejaa usikate tamaa, ingia tena asubuhi mapema, kuna watu wanafuta za kwao.

Chumba chenyewe sasa. Hosteli za Studentenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, ndo nafuu, omba siku ileile unapata barua ya chuo, usisubiri viza, maana foleni ni ndefu. Ukikosa utatafuta chumba kwenye nyumba mnayochangia na wenzako, na hapo ndo matapeli wanapokaa. Utaona chumba kizuri katikati ya mji bei ya kutupa, mwenye nyumba anakwambia yuko nje ya nchi kikazi, tuma amana nikutumie funguo kwa posta. Usitume hata senti. Hamna funguo wala chumba. Kama hujafika, mwombe mtu aliyeko huku akakione kwa macho yake. Halafu jua kwamba kodi ya chumba wana "baridi" na "ya moto", msicheke, Kaltmiete ni chumba kitupu na Warmmiete imejumlisha joto na gharama za nyumba, ila umeme na intaneti mara nyingi bado ni juu yako, kwa hiyo uliza kabla hujasaini. Amana haitakiwi kuzidi kodi baridi ya miezi 3 na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu 3. Wengi hawajui hilo, wanamwaga yote siku ya kwanza.

Waliojilipia kwa ile akaunti ya kufungwa, Sperrkonto, unayoweka hela ya kujikimu ili upate viza, ya euro 11,904 kwa mwaka, kumbukeni inatoa 992 kwa mwezi na haianzi kutoa mpaka uwe na akaunti ya kawaida huku. Yaani mwezi wa kwanza unaweza kuwa tajiri wa kwenye karatasi. Njoo na akiba ya kodi, amana na chakula. Na kama umri wako umepita miaka 30, ulizia bima mapema kabla hujapanda ndege, kwa sababu ile bei ya wanafunzi ya bima za umma inaishia hapo.

Saa nazo! Mjerumani akikwambia halb neun, yaani "nusu tisa", ni saa mbili na nusu asubuhi, sio tatu na nusu, maana wao wanahesabu nusu ya kuiendea saa tisa yao, ambayo kwetu ni saa tatu. Mi nilipiga hesabu kwa Kiingereza, nikafika ofisini nimechelewa lisaa zima huku natabasamu. Miadi ikafutwa, nikaanza foleni upya.

Jumapili maduka yamefungwa, nunua Jumamosi, ukikwama kabisa nenda stesheni kuu. Chupa za plastiki zenye alama ya Pfand, yaani amana ya chupa, usitupe, kila moja ni senti 25 kwenye mashine ya dukani. Kwa chakula nenda Eisenbahnstraße, maduka ya Waarabu na Waturuki yamepangana, bamia, giligilani, nyama halali, mchele wa maana. Kwenye tramu usijaribu kupanda bila tiketi, wakaguzi wanavaa nguo za kawaida na faini ni euro 60. Na koti nunua huku, lile la mitumba la soko la Karume, Dar, litakuaibisha, Desemba saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia na upepo unapita kama huna nguo.

Kuna barua moja itakuja utadhani ni utapeli, inadai hela ya redio na televisheni, na wewe televisheni huna. Sio utapeli. Ni Rundfunkbeitrag, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Ila ni kwa nyumba, sio kwa mtu, kwa hiyo kama mwenzako mnayekaa naye analipa, mwombe namba yake ya mlipaji uwajibu imekwisha. Ukiitupa kapuni deni linakua kimyakimya.

Barua zote hizo ni Kijerumani cha ofisini ambacho hata wenyewe kinawatoa jasho, na hapa Leipzig mna bahati moja. Chuo kikuu kinafundisha Kiswahili, kuna Wajerumani wanahangaika na ngeli kama nyie mnavyohangaika na der, die, das. Kabandike tangazo pale idara ya masomo ya Afrika kwamba unatafuta mtu wa kubadilishana lugha. Wangu tulikuwa tunakutana Alhamisi, mi nakuja na bahasha zangu za wiki nzima, yeye anakuja na daftari lake, ananisomea ipi ya kulipa na ipi ya kutupa, halafu namsahihisha "kitabu yangu" kwa mara ya mia.