Jinsi ya kuomba kupokea wageni kwenye hifadhi za kihistoria za Marekani, na mahali ombi linapokwama

Kufungua akaunti kwenye Volunteer.gov, tovuti ya serikali kuu ya Marekani ya nafasi za kujitolea, na kutuma ombi ni kazi ya jioni moja. Kama uko Marekani na unatafuta nafasi ya kujitolea kwenye kituo cha wageni, hapo hutapata shida. Ombi hukwama kwa mratibu wa hifadhi, na likivuka hapo hukwama kwenye uchunguzi wa historia yako. Mimi nimetoka kupitia yote mawili, na uchunguzi ndio ulionila muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo maana hatua nyepesi nitazipita haraka.

Nazungumzia hifadhi zilizo chini ya National Park Service, idara ya serikali kuu inayosimamia hifadhi za taifa. Mpango wao wa kujitolea unaitwa Volunteers-In-Parks, na sheria yake ni ya 1970. Hifadhi za majimbo zina taratibu zao, hivyo ombi ulilotuma serikali kuu halitaonekana jimboni.

Hali yako ya ukaazi kwanza

Raia na mwenye grini kadi wanaomba kwa njia moja. Fomu ya makubaliano inauliza kama wewe ni raia au mkaazi wa kudumu, na kama siye, una viza ya aina gani. Mwanafunzi aanze ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake, apate jibu kwa maandishi, ndipo aombe. Aliye na kesi ya ukimbizi amuulize wakili wake kabla ya kugusa fomu yoyote. Walioko Dar, Mombasa au Muskati wana mlango wao, mpango wa kimataifa wa idara hiyohiyo, ambao watu wake huingia kwa viza ya J-1, ile ya mipango ya kubadilishana. Tafadhali usije kwa viza ya utalii ukidhani mambo yatajipanga ukishafika. Aliye chini ya miaka 18 atahitaji saini ya mzazi au mlezi.

Kuchagua nafasi

Kwenye sehemu ya kutafutia andika Visitor Center Host, yaani mpokea wageni kituoni, kwa Kiingereza hivyohivyo, kisha chagua jimbo. Soma tangazo hadi mstari wa mwisho. Matangazo mengi ya aina hii yameandikwa kwa ajili ya watu wenye gari la kuishi, lile la RV. Hifadhi inakupa mahali pa kuliegesha, maji na umeme, nawe unatoa kiasi cha saa 32 kwa wiki, wakati mwingine kwa miezi kadhaa mfululizo. Kama una kazi yako na unakaa kwako, tafuta hifadhi iliyo karibu inayokubali siku moja au mbili kwa wiki. Zile za mijini huwa na nafasi za namna hiyo.

Chagua pia historia ambayo uko tayari kuieleza kwa mtu wa arobaini siku hiyo kwa moyo uleule uliomweleza wa kwanza. Kwetu sisi kuna mahali ambapo tunafika tukiwa na kitu mkononi. Salem Maritime, Massachusetts, ilitangazwa 1938, ikiwa ya kwanza nchini humo kupewa hadhi ya eneo la kihistoria la taifa. Jengo lake la forodha lilijengwa 1819, na gati la Derby bado limenyooka kuingia baharini. Wafanyabiashara wa Salem ndio walioishikilia biashara ya Marekani na Zanzibar katika karne ya 19. Walileta vitambaa vya pamba, zile merikani walizovaa bibi zetu, wakarudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi iliyochimbwa Mrima, ambayo ilisafishwa hukohuko Salem na kutengenezwa vanishi. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833, na konsuli wa kwanza wa Marekani aliyefika Unguja 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Mswahili akisimama kwenye meza ya kituo kama hicho anaieleza biashara hii kutoka ng'ambo ya pili, na mgeni anaisikia hivyo.

New York kuna African Burial Ground, makaburi ya Waafrika waliokuwa watumwa na waliokuwa huru, yaliyofukuliwa 1991 wakati wa kujenga jengo la serikali. Inakadiriwa walizikwa watu 15,000 pale. Mabaki ya watu 419 yalizikwa upya 2003, na eneo likawa mnara wa kumbukumbu wa taifa 2006. Nafasi kama hiyo inataka mtu anayeweza kukaa kimya na mgeni aliyeanza kulia bila kukimbilia kumweleza tarehe.

Mratibu ndiye mlango

Kila hifadhi ina mtu anayeshughulikia wanaojitolea, na mara nyingi ana kazi nyingine juu ya hiyo. Ombi la mtandaoni linamfikia likiwa ndani ya rundo. Kwenye hifadhi moja ombi langu lilikaa tangu wakati wa theluji hadi miti ikachipua, tovuti ikionyesha tu kwamba limepokelewa. Lilisogea siku niliyokwenda mwenyewe kituoni na kuuliza jina la mratibu.

Ukishatuma ombi, subiri kama wiki mbili, kisha mwandikie mratibu moja kwa moja. Anwani yake hupatikana kwenye tangazo au kwenye ukurasa wa hifadhi. Ujumbe uwe mfupi: nafasi uliyoomba, siku unazoweza kuja, tarehe ya kuanza, lugha unazozungumza. Usijaze shahada. Lugha zitaje zote, Kiswahili, Kiarabu, Kifaransa, hata Kilingala kama unacho. Meza ya wageni inaona watu wa kila taifa, na mratibu anajua thamani ya mtu anayeweza kumwelekeza mzee asiyejua Kiingereza. Kama unakaa karibu, nenda siku ya katikati ya wiki, asubuhi, usiende Jumamosi wala sikukuu. Kwa nafasi za kiangazi anza kuandika Desemba au Januari. Kwa Salem usingoje Septemba, maana Oktoba mji mzima umefurika watu waliofuata habari za kesi za uchawi za 1692, na hakuna mwenye muda wa kukufundisha.

Mahojiano huwa ni maongezi tu, kwa simu au ana kwa ana. Wanataka kujua utafanya nini mgeni akikasirika, na ukiulizwa usichokijua utajibuje. Jibu sahihi kwa la pili ni kwamba utamtafutia anayejua. Kubuni historia mbele ya mgeni ni kosa ambalo hakuna mratibu atakayelivumilia.

Uchunguzi: hapa ndipo pa kujiandaa mapema

Si kila anayejitolea anapitia uchunguzi kamili. Anayekuja kwa muda mfupi, asiyepewa kompyuta ya serikali wala kugusa fedha, anaweza kuishia kwenye makubaliano tu, au alama za vidole. Lakini kazi ya mezani mara nyingi inahusisha kompyuta na funguo, na ukiwa utakaa zaidi ya siku 180 huenda ukapewa fomu ya SF-85, inayojazwa mtandaoni. Muulize mratibu siku ya mahojiano utapitia uchunguzi upi, ili uanze kukusanya taarifa siku hiyohiyo.

SF-85 inataka kila mahali ulipoishi kwa miaka mitano iliyopita, mwezi kwa mwezi, bila pengo. Haikubali sanduku la posta. Kama miaka mitano hiyo inagusa Tanzania, utakuta nafasi inayodai namba ya nyumba na jina la barabara kwa nyumba ambayo maisha yake yote imeelekezwa kwa msikiti au duka la jirani. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina namba na barabara zina majina, kwa hiyo mpigie aliyebaki nyumbani akusomee kibao cha mlangoni, au aitafute kwenye programu ya NaPA. Chukua na postikodi ya kata. Pasipo na namba kabisa, andika mtaa, kata, wilaya na alama ya karibu inayojulikana, na mweleze afisa wa uchunguzi kabla hajakuuliza. Fomu ikirudishwa kwa ajili ya anwani moja, inakwenda mwisho wa foleni na yote unayaanza upya. Nilipoteza muda wa kutosha hapo, na ningependa usipite njia hiyo.

Kwa makazi ya miaka mitatu ya karibuni wanataka pia mtu aliyekujua ulipokuwa ukiishi pale, na namba yake ya simu. Mjulishe mtu huyo. Shangazi aliyeko Tanga akipigiwa na namba ya kigeni na kuulizwa habari zako kwa Kiingereza, ataikata simu, na atakuwa sahihi.

Jina nalo linataka uangalifu. Wengi wetu tuna majina matatu, letu, la baba na la babu, na nyaraka za Marekani hulikata au kulipanga upya. Fuata mpangilio wa grini kadi au pasipoti ya Marekani herufi kwa herufi, na majina mengine yote uliyowahi kutumia yaandike pale wanapoyauliza. Wanaume waliozaliwa baada ya 31 Desemba 1959 wataulizwa kuhusu usajili wa Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Kama uliingia nchini ukiwa umeshatimiza miaka 26, hukutakiwa kujisajili, na uwe na ushahidi wa tarehe ya kuingia.

Kuhusu alama za vidole: wanaofanya kazi za kulea wazee, za usafi au za jikoni mikono yao huoshwa kutwa, na mistari ya vidole hufifia hadi mashine inaikataa. Paka mafuta mikono kila usiku kwa wiki nzima kabla ya miadi, na siku yenyewe nenda na mikono mikavu.

Saini kabla ya kazi

Makubaliano ni fomu ya OF-301A. Soma maelezo ya kazi yaliyoambatishwa, kwa sababu hayo ndiyo yanayokulinda. Ukishasaini, na ukiwa unafanya kile kilichoandikwa humo, ukiumia unahesabiwa kama mfanyakazi wa serikali kuu kwa upande wa fidia, na mtu akidai umemsababishia hasara serikali inasimama upande wako. Kabla ya saini huna kinga hiyo. Ukiombwa usaidie tu kidogo leo, makaratasi yaje kesho, kataa kwa adabu. Ukitakiwa baadaye kubeba viti au kupanda ngazi na hayamo, omba yaongezwe.

Uliza pia kuhusu nauli, chakula na sare. Sheria inaruhusu hifadhi kukurudishia gharama ndogo za aina hiyo, lakini hailazimishi. Sare ni ya wanaojitolea, yenye nembo yao. Ile ya askari wa hifadhi na kofia yake pana si yako kuvaa.

Siku za kwanza mezani utajifunza ramani, saa za ziara na njia ya choo, swali litakaloulizwa kuliko yote. Zingatia muhuri. Tangu 1986 kuna wageni wanaobeba kitabu kidogo kama pasipoti na kugonga muhuri wa kila hifadhi, wenye jina la mahali na tarehe. Magurudumu ya tarehe huzungushwa kwa mkono kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa, kisha unajaribu kwenye karatasi chakavu kuona wino umekaa sawa. Wapo walioendesha gari kutwa nzima kwa ajili ya muhuri huo, na tarehe ya jana kwao ni hasara isiyofutika.

Saa zako ziandike kila zamu na hakikisha mratibu anaziingiza. Zikifika 250, hata zikitoka kwenye idara mbalimbali za serikali kuu zinazoshiriki, unastahili pasi ya bure ya mwaka mmoja ya kuingia hifadhi na maeneo ya serikali kuu yanayotoza kiingilio. Pasi haiji yenyewe. Iombe kwa mratibu ukiwa na nakala ya saa zako, na siku hiyohiyo muulize makubaliano yako yanaisha lini ili mpya yasainiwe kabla ya zamu inayofuata.