Meno Yanayolika: Tafuta Asidi Kabla ya Kuziba Jino

Mwongozo huu umetokana na mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba, ambaye nilimziba meno manne ya mbele mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili vijazo vikachomoka. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilianza na hatua iliyopaswa kuwa ya mwisho.

Hatua ya 1: Tazama meno yamelika wapi

Simama mahali penye mwanga wa jua ukiwa na kioo. Jino lililoliwa na asidi huwa laini na la kung'aa, ncha yake huwa nyembamba hata mwanga ukapenya, na rangi huelekea umanjano kwa sababu dentini, yaani sehemu ya ndani ya jino, inaanza kuonekana. Kijazo cha zamani, kama kipo, hubaki kimeinuka kwa kuwa jino linalokizunguka limeshuka. Meno yanayosagwa usingizini huwa bapa, na ya juu hukaa sawasawa juu ya ya chini. Mswaki unaosuguliwa kwa nguvu huchimba mfereji karibu na ufizi, hasa kwenye chonge. Ikiwa yamelika upande wa ndani wa meno ya juu ya mbele, shuku asidi inayopanda kutoka tumboni. Madoa ya kahawia ambayo watu wengi waliokulia Bonde la Ufa wanayo tangu utotoni ni jambo jingine: hutokana na maji yenye floridi nyingi.

Hatua ya 2: Tafuta asidi inatoka wapi

Hapa ndipo nilipopoteza miezi. Enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka mate yanaposhuka chini ya pH 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi, na namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi), ilhali juisi ya ndimu ina pH kati ya 2 na 3 na soda nyingi hazitofautiani nayo sana, zikiwemo zile zisizo na sukari. Nilimpa mama yule karatasi aandike kwa siku nne kila alichokula na kunywa. Aliirudisha ikiwa safi kabisa: chai, ugali, sukuma, maji, maji, maji. Nikashuku kiungulia, akakana. Nikashuku kwamba anasaga meno usiku, lakini meno hayakuwa bapa. Siku moja nilipita kibandani kwake nikaona chini ya meza, kati ya marobota mawili, chupa ya lita moja yenye vipande vya ndimu vikielea, naye akipiga funda moja kila baada ya mteja kuondoka, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi mchana. Nilipomuuliza alishangaa: “Daktari, si hayo ni maji tu?” Alikuwa ameambiwa kwamba yanapunguza mwili.

Kwa hiyo usijiulize kama unakunywa soda. Jiulize unaweka nini ndani ya maji yako, na unayamaliza kwa muda gani. Muda una uzito kuliko kiasi: glasi moja ikinywewa mara moja, mate huweza kurudisha hali baada ya nusu saa au zaidi kidogo, lakini kila funda jipya huanzisha hesabu upya. Kagua pia ukwaju, maembe mabichi ya chumvi na pilipili, achari, na vidonge vya vitamini C vya kutafuna. Wanaokula miraa wana tatizo maradufu, kwa sababu miraa hukausha mdomo na soda ya kuishushia hukuta meno hayana mate ya kuyakinga.

Ikiwa una kiungulia, unaamka na ladha chungu mdomoni, au unatapika mara kwa mara, hata kwa sababu ya ujauzito, muone daktari wa tiba, kwa maana fundi wa meno hawezi kuzuia tumbo. Baada ya kutapika, sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea katika glasi ya maji. Tafadhali isiwe magadi ya kulainishia githeri, ambayo ni makali zaidi na yana floridi nyingi.

Hatua ya 3: Badilisha namna ya kunywa

Kinywaji chenye asidi kinywewe pamoja na chakula, kwa mkupuo mmoja, bila kukizungushazungusha mdomoni; kisha sukutua kwa maji matupu.

Hatua ya 4: Mswaki

Tumia mswaki laini na dawa yenye floridi kati ya 1,000 na 1,500 ppm (sehemu kwa milioni, huandikwa kwenye pakiti), mara mbili kwa siku. Tema povu, lakini usisukutue. Baada ya asidi subiri nusu saa hadi saa nzima, kwani enameli iliyolainika husugulika kwa urahisi. Ndiyo maana mimi hupendelea watu wapige mswaki kabla ya kifungua kinywa. Unga wa mkaa unaouzwa kung'arisha meno siutaki hata kuuona: unakwangua, na kinachoonekana kung'aa baadaye ni enameli iliyopungua. Mswaki wa mti sina ugomvi nao, mradi ncha yake itafunwe hadi ilainike.

Hatua ya 5: Kwa daktari wa meno

Enameli iliyokwisha kuondoka haioti tena, kwa kuwa haina chembe hai. Meno yanayoshtuka kwa baridi au moto hupakwa vanishi ya floridi. Yaliyopungua kidogo huzibwa kwa kijazo cha rangi ya jino. Yaliyolika sana huvishwa kofia, ambayo ni ghali. Na anayesaga usiku hutengenezewa kinga ya kuvaa akilala. Kabla ya lolote, omba upigwe picha za meno, kisha zilinganishwe na nyingine baada ya miezi sita. Ikiwa ncha zimeendelea kupungua, rudi hatua ya 2, na safari hii uende kliniki na chupa unayonywea.