Sari ya kila siku: kuichagua, kuivaa na kuitunza idumu

Wengi walioikatia tamaa sari waliivaa mara ya kwanza kwenye harusi: hariri nzito ya Kanchipuram, India, yenye zari tele (nyuzi za rangi ya dhahabu au fedha), pini 15, na mtu wa kuwavisha. Baada ya saa sita za kutembea huku wameshika marinda, wakaamua kwamba hilo si vazi la kwendea kazini. Kosa si lao. Sari ya harusi na sari ya kila siku ni nguo mbili tofauti zinazolingana urefu tu. Ya kila siku huamuliwa na kitambaa, gagulo na kimo cha pindo. Hayo matatu yakikaa sawa, kuivaa ni kazi ya dakika tano.

Kwa aliyechoka kununua nguo za msimu, ni vigumu kupata vazi linalofaa zaidi. Sari haikatwi wala haishonwi, kwa hiyo mwili ukinenepa au ukipungua, yenyewe haina habari. Kinachorekebishwa ni blauzi. Mwaka 2015 marafiki wawili wa jiji la Bengaluru, India, Ally Matthan na Anju Maudgal Kadam, waliahidiana kuvaa sari mara 100 ndani ya mwaka huo, na wanawake wengi wakaifuata ahadi hiyo. Idadi hiyo ni kipimo kizuri ukiwa dukani: usipojiona ukiivaa sari fulani mara 100 katika uhai wake, irudishe kwenye rafu, hata kama bei imeshuka.

Kitambaa

Sari ya kawaida ina urefu wa mita 5.5 hivi na upana wa mita 1.1 hadi 1.2. Ikiwa na kipande cha blauzi, hufika kama mita 6.3. Upana ndio unaosahaulika. Ukiwa umevaa viatu, pima kutoka kitovuni hadi sakafuni, ongeza sentimita 5 za kuchomeka, na usinunue sari iliyopungua hapo.

Kwa kuanzia, chukua pamba ya uzito wa kati. Mangalgiri ya Andhra Pradesh imefumwa kwa kubana, mji wake, yaani sehemu ya katikati ya kitambaa, mara nyingi hauna mapambo na pindo lake lina zari nyembamba. Marinda yake hukaa ulivyoyapanga. Chettinad ya Tamil Nadu ni nzito kidogo, ina miraba na mistari ya rangi kali, na haiogopi kufuliwa. Tant za Bengal ni nyepesi na zinafaa sana siku za joto, ila zikiwa mpya huwa na wanga mwingi na husimama kama ubao. Zifue mara mbili tatu kabla ya kuzihukumu. Maheshwari na Chanderi, zote za Madhya Pradesh, kwa kawaida huwa na mtande (nyuzi za urefu) wa hariri na mshindio (nyuzi za upana) wa pamba. Zinapendeza ofisini, zinateleza kidogo, na Chanderi hupitisha mwanga, hivyo gagulo lazima liwe la rangi yake. Shifoni na jojeti ziache hadi mikono yako ijue kazi, maana huteleza hata kwa mzoefu.

Ukitaka sari iliyofumwa kwa mkono, alama ya Handloom Mark iliyoanzishwa na serikali ya India mwaka 2006 inasaidia, lakini sari nyingi halali za wafumaji wadogo hazina lebo yoyote. Basi igeuze. Kwenye jamdani ya mkono, yaani sari yenye maua yaliyofumwa ndani ya kitambaa, uzi wa ua huanza na kuishia mle mle ndani ya ua. Ya mashine huwa na nyuzi ndefu zinazoelea upande wa nyuma kutoka ua hadi ua, au vishungi vilivyokatwa vinavyochomachoma ngozi. Wauzaji hupenda kuonyesha vitundu vidogo vilivyoko kando ya kitambaa, alama za kifaa kinachokitanua kwenye kitanda cha mfumi. Zipo mashine zinazoviacha pia, kwa hiyo visikutoshe peke yake. Kujua uzi ni wa nini, chomoa mmoja kwenye ncha isiyokungwa uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, hariri hunuka nywele, poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kishanga kigumu. Muuzaji mwenye bidhaa ya haki hakatai kipimo hiki.

Gagulo, blauzi na ukanda wa chini

Gagulo ndipo watu wanapobana matumizi pasipofaa. Lile la satini lenye mpira kiunoni ndilo linaloshusha sari kidogo kidogo mchana kutwa, na pini hazitalizuia. Shona la popolini, la kamba, lililobana nyongani na kutanuka chini hadi mzunguko wa mita 1.8 hivi, ili hatua isikatike. Kitambaa chake kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba mpya hunywea. Likae juu ya pindo la sari kwa sentimita 5. Fundo la kamba lifungie ubavuni, kwani likiwa katikati, marinda yatakaa juu yake na tumbo litaonekana na kinundu.

Blauzi si lazima ifanane na kila sari. Nyeusi, nyeupe, nyekundu iliyokolea na ya rangi ya haradali zitakufikisha mbali, na shati lililochomekwa au fulana ya kubana hufaa vilevile. Ukipeleka kwa fundi, mwambie aache sentimita 3 za ziada ndani ya kila mshono wa ubavu na atumie bitana ya pamba iliyokwisha kufuliwa. Akikata kila kitu kwa kubana, kilo tatu tu zitaitoa blauzi kwenye matumizi.

Kisha kuna ukanda wa pamba ambao mafundi wa India huuita foli, wenye upana wa sentimita 10 hivi na urefu wa mita 2.5 hivi. Hushonewa kwa mkono upande wa ndani wa pindo la chini, kuanzia karibu na ncha ya ndani. Kazi yake ni kulipa pindo uzito na kulikinga na visigino. Urefu huo haukubuniwa ovyo: ndio unaofunika mzunguko wa kwanza na marinda, yaani sehemu inayosugua sakafu. Uloweke na kuukausha kabla ya kushona, la sivyo utanywea baadaye na pindo lote litajikunyata. Pamba nzito ya kila siku inaweza kukaa bila foli.

Kuvaa

Mtindo tunaoueleza unaitwa Nivi, ambao palu, yaani ile ncha ya sari yenye mapambo, huangushwa begani kushoto. Kabla ya kushika kitambaa, kigawe kwa hesabu. Mwenye nyonga za sentimita 100 hutumia mita 1 kwa mzunguko wa kwanza, kama mita 1 nyingine kwa wa pili, na mita 2 hivi kwa kupanda kifuani na kuangusha palu. Inabaki mita 1.5 ya marinda. Kila rinda la sentimita 12 hula sentimita 24, kwa hiyo atapata 6. Mwenye nyonga za sentimita 120 hubakiwa na mita 1.1, nayo inatosha marinda 4. Asijilazimishe kufikisha 6, kwa sababu yale mawili ya ziada yatatoka kwenye palu.

Vaa viatu kwanza. Chomeka ncha isiyo na mapambo kulia kidogo mwa kitovu, pindo likiwa sentimita 2 hadi 3 juu ya sakafu. Kwa siku ya mabasi na ngazi, 5. Zungusha kupitia kushoto, mgongoni, utokee kulia, ukichomeka ukingo wa juu kila baada ya kiganja kimoja.

Sasa acha katikati uende kwenye palu kabla ya marinda. Ikunje mikunjo 4 au 5, pindo likiwa juu. Izungushe kupitia kushoto na mgongoni, iingie chini ya kwapa la kulia, ipande kifuani hadi bega la kushoto. Kwa sherehe huachwa ifike magotini kwa nyuma. Kwa kazi, chini kidogo ya nyonga inatosha. Inua mkono wa kushoto juu kabisa, kisha ndiyo upige pini, ukiitokeza kutoka ndani ya blauzi. Aliyepiga pini mkono ukiwa chini atavutwa blauzi kila akifikia rafu.

Kitambaa kilicholegea mbele ya tumbo ndicho cha marinda. Kunja moja moja kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, yote yakitazama kushoto. Yashike juu, yatikise, kisha ulinganishe pindo la chini kabla ya kulinganisha la juu. Jicho la mtu huona chini. Chomeka kushoto kidogo mwa kitovu, sentimita 5 ndani, yakiwa bapa. Pini moja ikitosha, ipitishe kwenye marinda pamoja na kipande kidogo cha kitambaa kigumu upande wa ndani, ili mvuto ubebwe na hicho kipande na sari ipone. Usipitishe pini kwenye zari.

Marinda yakifunguka chini kama yamegombana, ukingo wa juu haukuwa sawa. Yatoe yote uyapange upya, kuvutavuta hakusaidii. Mbele ikipanda kuliko nyuma, umechomeka ndani mno. Ukijikanyaga, mara nyingi ni ile ncha ya mwanzo iliyoshuka chini ya tabaka la nje: ivute juu kutoka kiunoni. Kwenye ngazi, inua marinda kwa mkono mmoja wakati wa kupanda tu.

Kwenye pikipiki au baiskeli, usiache palu ining'inie. Ipitishe mbele na kuichomeka kiunoni, kwa kuwa ikinaswa na gurudumu itamburuta mvaaji pamoja nayo. Sheria ya India huzitaka pikipiki ziwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, basi hakikisha ipo kabla ya kupanda. Kwa kazi za kuinama na kupanda, nauvari ya Maharashtra, ya mita 8 hivi na inayopitishwa katikati ya miguu bila gagulo, inashinda mtindo huu.

Kufua, kuhifadhi, kutililia

Sari haifuliwi kila ikivaliwa. Jasho huishia kwenye blauzi na gagulo, na hivyo ndivyo vya kufua kila siku. Sari yenyewe itundike usiku ipate hewa, futa pindo la chini kwa kitambaa chenye maji, na uifue baada ya kuivaa mara tatu au nne.

Kabla ya kufua mara ya kwanza, bonyeza kitambaa cheupe kilicholowa kwenye kila rangi. Ikitoka, sari inachuja. Ifue peke yake kwa maji baridi na sabuni laini, haraka, bila kuloweka, kisha ianike kivulini ikiwa tabaka moja. Rangi nyingi huharibika kambani, pale pindo jekundu linapolala juu ya mji mweupe likiwa bado bichi. Watu wengi hutia chumvi kwenye maji, lakini chumvi haifungi rangi iliyokwisha kuingia vibaya. Kinachookoa ni maji baridi na mwendo wa haraka.

Pamba iliyolegea hupata nguvu kwa maji ya mchele uliochemshwa, yaliyochujwa kwa kitambaa na kuongezwa maji hadi yawe mepesi. Yasipochujwa huacha madoa meupe. Piga pasi ikiwa na unyevu kidogo. Sari ya kuwekwa miezi isitiwe wanga, kwani wanga huita wadudu. Hariri ifunge kwenye kitambaa cha pamba, kamwe si plastiki, na kila baada ya miezi mitatu minne ifungue uibadilishe mikunjo, maana hariri na zari hukatikia pale pale zinapokunjwa. Naftalini isiguse zari.

Ukiona uzi umeachia, shughulikia siku hiyo hiyo. Tundu dogo kuliko kucha hutililiwa kwa uzi uliochomolewa kwenye ncha ya ndani, ambayo haionekani na ina rangi ile ile. Nyuzi za mtande hutandikwa kwanza, kisha mshindio hupitishwa juu na chini, ukianzia sentimita 1 nje ya tundu ambako kitambaa bado kina nguvu. Pindo la chini likiliwa, sari isiyo na juu wala chini maalumu igeuzwe, pindo la juu lishuke, na foli ihamishwe. Ikichakaa mji mzima, kata palu na mapindo kwa ajili ya blauzi, kisha pamba laini iliyobaki ipangwe tabaka tatu nne na kushonwa kwa bandi za karibu karibu, jinsi kantha za Bengal zinavyotengenezwa. Pamba iliyofuliwa kwa miaka ndiyo bora kwa kazi hiyo, sindano hupenya bila kushindana nayo.