Namna ya Kumvisha Mwewe Pete ya Utafiti

Kabla ya kutega, pata kibali cha utafiti, ambacho maombi yake hupitia TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, na ujifunze kwanza chini ya mtu mzoefu. Pete zenyewe hutolewa na mpango rasmi wa usajili, kila moja na namba yake.

Mashambani Lindi, mtego unaofaa ni kitundu cha waya chenye panya hai ndani na vitanzi vya mshipi wa nailoni juu yake. Mwewe anapotua kumnyakua panya asiyemfikia, vidole hunasa. Kitundu kitiwe uzito ili asiruke nacho, wala usikiache bila mtu, kwa sababu jua la saa sita humdhuru upesi ndege aliyenaswa.

Silaha ya mwewe ni kucha, si mdomo. Shika miguu yote miwili kwanza, kisha ubane mbawa na umfunike macho kwa kitambaa chepesi, naye atatulia. Mimi siku moja nilitangulia kushika mbawa, na ukucha wa kidole cha nyuma ukapenya glovu hadi nyamani.

Pima unene wa mguu kabla ya kuchagua pete, maana jike huwa mkubwa kuliko dume. Ibane kwa koleo lake maalumu mpaka ncha zigusane kabisa, kwani mwanya mdogo tu hunasa nyuzi na majani. Kisha hakikisha kwamba inazunguka kwa urahisi bila kuteremka vidoleni. Tumbusi asivishwe pete ya mguuni kamwe: hujinyea miguuni ili kujipoza, na kinyesi kikigandia ndani ya pete humjeruhi, hivyo yeye huwekewa kibandiko cha bawani.

Umri ndipo wengi hukosea. Mwewe wetu akikomaa huwa na mdomo wa njano, na kinda wake huwa na mdomo mweusi. Lakini kuanzia Oktoba, wakati wa korosho, huja pia mwewe wa Ulaya, ambaye hata mkubwa wake ana mdomo mweusi. Kwa hiyo tazama na manyoya: yenye kingo za rangi hafifu na yaliyochakaa kwa kiasi kimoja ni ya kinda, ilhali mchanganyiko wa mapya na makuukuu ni wa ndege aliyekwisha kunyonyoka.

Andika namba, tarehe, mahali, uzito na urefu wa bawa kabla hujamwachia. Kisha waeleze wenye vifaranga kijijini kwamba pete ikiokotwa, hata kwa mwewe aliyepigwa manati, namba yake iletwe, nawe usiwagombeze.