Kusoma Das Kapital kikundini: anzeni na cherehani

Sura ya kwanza ya Das Kapital, kitabu cha Karl Marx kuhusu mtaji, ndiyo inayovunja vikundi, na Marx mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1867, kitabu kilipotoka, alimwandikia rafiki yake Kugelmann kwamba mke wa Kugelmann aanze na sura za siku ya kazi, ushirikiano, mgawanyo wa kazi na mashine, kisha ulimbikizaji wa awali wa mtaji. Katika tafsiri ya Kiingereza ni sura ya 10, ya 13 hadi 15, halafu kuanzia 26. Fuateni mpangilio huo.

Kabla ya kukifungua, pigeni hesabu ubaoni. Tuseme karakana ya sare za shule karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Fundi hushona mashati 5 kwa saa 10. Shati huuzwa shilingi 550. Kitambaa, uzi, vifungo na uchakavu wa cherehani ni 350. Hubaki 200, mara 5 ni 1,000: thamani mpya, iliyoongezwa na kazi ya fundi. Fundi hulipwa 400, kwa hiyo thamani ya ziada, ile inayobaki kwa mwenye karakana, ni 600. Gawanyeni 600 kwa 400, mpate asilimia 150: kiwango cha thamani ya ziada. Katika zile saa 10, 4 ni za ujira wake, 6 ni za mwenye karakana.

Hapa ndipo watu hukosea. Mmoja atagawanya 600 kwa gharama yote, 2,150, apate kama asilimia 28. Hicho ni kiwango cha faida, mada ya juzuu ya tatu, aliyoitoa Engels, rafiki wa Marx, mwaka 1894, miaka 11 baada ya Marx kufariki. Mwingine atasema tajiri amepandisha bei. La, shati limeuzwa kwa thamani yake. Ziada imetoka kwenye zile saa 6. Cherehani nayo haizai kitu, huhamishia shatini thamani yake kidogo kidogo hadi ichakae.

Atakayepinga kuwa mafundi wengi hulipwa kwa kila shati, mwambieni azidishe shilingi 80 za kila shati kwa mashati 5. Ni 400 ileile (sura ya 21), ila sasa fundi anajisimamia mwenyewe, bila nyapara.

Bodaboda msiiguse mapema. Dereva anayempelekea mwenye pikipiki fungu lake kila jioni halipwi ujira; analipa kitu kinachokaribia kodi, na hesabu yote itawavurugikia.

Mkifika sura ya 26, inayoeleza jinsi wakulima wa Uingereza walivyonyang'anywa mashamba wakabaki kutafuta ujira, wekeni kando yake kodi ya vibanda ya wakoloni, iliyodaiwa kwa fedha na kuwatoa watu Nyanza kwenda kutafuta vibarua.