Kimbunga kinapoacha kuwa cha tropiki: jinsi ya kukipima kwa kompyuta yako

Kimbunga Hidaya kilipoingia Mafia Mei 2024, mpwa wangu anayesoma chuo alikuwa kwangu Sinza. Tulikuwa tunafuatilia ramani kwenye simu, akaniuliza: "Mjomba, hiki kimefia huku kwetu. Vile vinavyoshuka kusini, vikapita Madagaska, navyo hufa?" Nikamwambia vingine hufa, vingine hugeuka kitu kingine kabisa. Akataka aone kwa namba. Hatua nilizompitisha ni hizi. Nachukulia Python unayo tayari na faili la netCDF (aina ya faili la data za hali ya hewa) unajua kulifungua.

Kwanza ujue unatafuta nini. Kimbunga cha tropiki hula joto la bahari, na kwa kawaida hutaka maji ya nyuzijoto 26.5 hivi kwenda juu. Kikishuka kusini maji yanapoa, upepo wa juu unakivuta kwingine tofauti na wa chini, na hewa baridi inaanza kukiingilia ubavuni. Kisipokufa, kinabadili chakula: kinaishi kwa tofauti ya joto kati ya hewa ya moto na hewa ya baridi zinazokutana hapo. Mwendo unaongezeka, eneo la upepo linatanuka, mvua inaelemea upande mmoja, na kiini kilichokuwa cha moto kinapoa. Usidhani kimechoka. Fiona, kimbunga cha Atlantiki, ilipofika Nova Scotia, Kanada, Septemba 2022 ilikuwa imeshageuka, na bado ilibomoa nyumba za watu.

Vipimo ninavyotumia ni vya mtaalamu wa hali ya hewa Robert Hart, vya mwaka 2003. Viko vitatu: B, kinachoonyesha kama kimbunga kimeelemea upande, na viwili vya kiini, cha tabaka la chini na cha tabaka la juu, vinavyoonyesha kama ni cha moto au cha baridi.

Hatua ya 1: Njia ya kimbunga

Pakua faili la CSV la IBTrACS, kumbukumbu ya njia za vimbunga vya dunia nzima, kutoka NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa. Mstari wa pili ni wa vizio, si data, kwa hiyo uruke. Sisi tulichagua Dumazile ya Machi 2018, iliyopita mashariki ya Madagaska ikielekea kusini.

Hatua ya 2: Data za hewa

Chukua ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia saa kwa saa, kutoka Copernicus, mradi wa Umoja wa Ulaya. Ni bure, ila ujisajili. Omba geopotenshali (kimo cha hewa kikiwa kimezidishwa kwa mvutano wa dunia) kwenye ngazi 13 za mgandamizo, kuanzia hektopaskali 900, karibu na ardhi, hadi 300, juu angani, kila baada ya 50. Usiombe dunia nzima! Mara ya kwanza nilifanya hivyo, bando la wiki likaisha kabla ya chai ya saa nne. Chukua mipaka ya njia ya kimbunga, ongeza digrii 8 kila upande, na saa nne tu kwa siku: 00, 06, 12 na 18. Hizo ni saa za dunia; 06 yao ni saa 3 asubuhi hapa Dar. Namba zote gawanya kwa 9.80665 upate kimo kwa mita.

Hatua ya 3: Kipimo B

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mbili, kwa hiyo nenda taratibu.

Chora duara la nusukipenyo cha kilomita 500 kuzunguka kitovu. Pima umbali kwa kilomita, si kwa digrii, kwa sababu digrii moja ya longitudo inazidi kuwa fupi kadiri unavyoshuka kusini. Kisha ligawe duara vipande viwili, kulia na kushoto kwa kufuata kimbunga kinakoelekea. Kila upande tafuta wastani wa unene wa tabaka, yaani kimo cha ngazi ya 600 ukitoa kimo cha ngazi ya 900. Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo tabaka lake ni nene zaidi. Kulia toa kushoto, hiyo ndiyo B.

Sasa tatizo. Msimbo niliokuwa nimeuokota mtandaoni uliandikwa kwa ajili ya vimbunga vya kaskazini ya Ikweta. Kule hewa ya moto inakuwa kulia, kwetu kusini inakuwa kushoto. B yangu ikawa inazama chini ya sifuri, na mimi nasubiri ivuke mita 10 kwenda juu, alama ya kuanza kugeuka. Nikabadili kulia kuwa kushoto, ikakaa sawa. Baadaye nikaujaribu msimbo uleule kwa kimbunga cha Atlantiki, ukaharibika. Dawa ni moja: pande ziache zilivyo, kisha zidisha B kwa −1 kwa kimbunga cha kusini na kwa +1 kwa cha kaskazini.

Kuhusu kugawa pande, achana na pembe. Watu wanapenda arctan, hesabu ya kutafuta pembe kutoka x na y, nami nilikuwa mmoja wao, hadi siku nilipogeuza x na y bila kujua. Chukua mwendo wa kimbunga (u, v) na nukta (x, y) ukihesabu kutoka kitovuni; u na x ni za kwenda mashariki, v na y za kwenda kaskazini. Kokotoa u*y − v*x: jibu chanya ni kushoto, hasi ni kulia. Ukitaka kuhakiki, panda daladala kutoka Tegeta kuja Mwenge. Unaelekea kusini, yaani (0, −1), na bahari iko mashariki, (1, 0). Jibu ni 1, kushoto. Na bahari kweli iko kushoto kwako.

Mitego miwili bado. Kimbunga kikisimama au kikijizungusha, mwendo hauna maana na B inarukaruka. Tumia nafasi ya saa 6 kabla na saa 6 baada, halafu sawazisha kwa wastani wa saa 24. Wa pili ni milima ya kati ya Madagaska. Ngazi ya 900 pale iko chini ya ardhi, namba zake ni za kukisiwa. Duara likigusa kisiwa, B iliyopanda ghafla usiiamini.

Hatua ya 4: Kiini

Ndani ya duara lilelile, kila ngazi, toa kimo cha chini kabisa kwenye kimo cha juu kabisa. Pitisha mstari dhidi ya logi asilia ya mgandamizo: 900 hadi 600, kisha 600 hadi 300. Mteremko ukiwa chanya kiini ni cha moto. Jina la kipimo, −VT, lina alama ya kutoa mbele. Wewe usiongeze nyingine.

Hatua ya 5: Kusoma grafu

B ikivuka mita 10, mageuzi yameanza. Kiini cha chini kikiwa hasi, yamekamilika. Wakati mwingine kiini cha chini kinarudi kuwa cha moto baada ya hapo, na mpwa wangu alishangilia kwamba kimbunga kimefufuka. Hapana: ni hewa ya moto iliyonaswa katikati na hewa baridi iliyoizunguka. Tazama kiini cha juu kabla ya kusema lolote.

Mwisho linganisha na safu ya NATURE kwenye IBTrACS, inapobadilika kutoka TS (cha tropiki) kwenda ET (kilichogeuka, si cha tropiki tena). Mkitofautiana kwa saa 12, usiguse ile 10 ya B ili mlingane; walioandika ET walikuwa wanatazama na picha za setilaiti.