Uswisi: tiketi ya mlimani isubiri asubuhi
Wenzangu wa Mbeya mnaopanga kwenda Uswisi, viza ombeni mapema, kwa kuwa maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 ni ya lazima. Tiketi ya treni ya kupanda hadi Jungfraujoch, kituo kilicho mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, msiikate kabla ya kutazama mtandaoni picha za kamera za mlimani asubuhi ile ile. Nauli yake inauma kweli, na wingu likishatanda, kama ukungu wa Uporoto unavyomeza barabara ya Tukuyu, hamtauona Aletsch, mto mkubwa wa barafu mlioufuata. Koti mnalovaa hapa kwetu Julai libebeni hata mkienda Agosti, maana kule juu theluji haiishi.